Wao Huhitimu, Sisi Hubaki

Mwaka 1997 ubingwa wa ligi kuu ya kandanda ya Kenya haukwenda kwa Gor Mahia wala kwa AFC Leopards. Haukubaki hata kwa Kenya Breweries, walioutwaa mwaka uliotangulia. Ulihamia kwa majirani zao wa Ruaraka, Utalii, timu iliyobeba jina la chuo kinachofundisha watu kupika, kutandika vitanda na kupokea wageni. Mwaka uliofuata Leopards wakauchukua, na tangu hapo hadi msimu wa 2024/25 ulipomalizika hawakuuonja tena. Utalii nao wakatoweka kwenye ligi kuu. Chuo kipo palepale kando ya barabara ya Thika, kinaendelea kutoa wapishi kama kilivyofanya tangu mwaka 1975. Timu ndiyo iliyobaki jina kwenye orodha ya mabingwa, katikati ya majina ambayo kila mtu anayajua.

Hapa Taita Taveta neno Utalii lina uzito wa mshahara. Hoteli za Tsavo na za Taita Hills zimeajiri watu waliopitia chuo hicho kwa miongo mingi. Mtajie mmoja wao, mwenye umri wa kutosha, timu ya 1997, naye ataweka sinia chini kwanza ndipo akujibu. Mtajie kijana wa kidato cha nne, atakuuliza kama unamaanisha wizara. Ubingwa wa nchi nzima umefutika kichwani mwa watu ndani ya kizazi kimoja.

Ikiwa bingwa husahaulika hivyo, tuseme nini juu ya timu ya chuo inayoburura mkia? Swali hili linanihusu, kwa sababu ninaishi miongoni mwa watu wanaoishabikia timu ya namna hiyo, na siku hizi nami nimo.

Miasenyi si mahali pa kutafuta mashabiki wa timu ya chuo. Ni kituo kidogo kwenye nyika kavu, kati ya Buchuma na Maungu, mahali ambapo wageni wengi hupapitia bila kupaangalia. Malori ya bandarini hupita usiku na mchana yakielekea Nairobi na Kampala. Bomba la maji ya Mzima, lililojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Mombasa, lafuata njia hiyohiyo. Reli ya Waingereza ilipita huku ikielekea Voi mwishoni mwa miaka ya 1890, na reli ya SGR ilipofunguliwa mwaka 2017 Miasenyi ikapewa stesheni yake. Treni ya moja kwa moja hutupita kwa kishindo. Ile ya vituo vya kati husimama, ikashusha abiria wachache na magunia yao, kisha ikaondoka. Ndovu wa Tsavo nao wana njia zao, na wakipita shambani kwako huwaulizi waendako.

Watu wa mahali kama hapa wamezoea kuona vitu vikipita. Labda ndiyo maana wanaielewa timu ya chuo kuliko watu wa mjini. Klabu ya mtaa ina watoto wa mtaa, na anayestaafu leo kesho utamkuta sokoni. Klabu ya kampuni ina waajiriwa. Timu ya chuo imeundwa na watu walio njiani kuondoka. Mwaka wa kwanza kijana hajulikani, anakaa benchi akishika chupa za maji. Mwaka wa pili anaanza kuelewana na wenzake. Wa tatu ndiye nahodha, pasi zake zinafika, mashabiki wanaliimba jina lake. Wa nne yuko kwenye mafunzo ya kazi Mombasa au Athi River, na jezi yake imevaliwa na mwingine asiyejua iliwahi kuwa ya nani. Kocha anayejenga timu ya chuo anajenga juu ya kalenda ya mitihani.

Timu tunayoifuata ni ya chuo kimoja cha kaunti hii, na jina lake nitaliacha kwa sababu lawama nyingine zilizomo humu si za chuo kimoja peke yake. Kutoka Miasenyi tunakwenda kuitazama watu wachache: fundi wa pikipiki, mama anayeuza mahamri kando ya barabara na ambaye huja na kapu lake ili safari isiwe hasara, vijana wawili waliomaliza shule wakakosa karo, mimi, na mzee mmoja mstaafu wa reli. Huyo mzee ndiye aliyetuvuta sote. Mjukuu wake aliwahi kuchezea timu hiyo upande wa kulia wa ulinzi. Alihitimu zamani, sasa yuko Qatar, analinda mlango wa jengo fulani na kutuma pesa kila mwezi. Babu yake hakuacha kwenda uwanjani.

Siku moja tukisubiri matatu nilimchokoza.

“Shikamoo mzee. Hivi mjukuu wako si alimaliza zamani?”

“Marahaba, mwalimu. Alimaliza yeye. Mimi sijamaliza.”

Akainama kufunga kamba ya kiatu. Kwake hilo halikuwa fumbo wala mzaha. Alikuwa amejibu swali.

Uwanja wenyewe ni vumbi jekundu lenye vijiti vya nyasi upande wa kona. Mistari huchorwa kwa majivu asubuhi ya mechi, na upepo ukivuma kabla ya saa nane refa hubaki akikisia mwisho wa boksi. Wavu wa goli la upande wa mashariki umeshonwa kwa kamba ya katani mahali ulipochanika, kwa hiyo mpira ukiingia kwa pembeni hunaswa pale kwenye fundo ukaning'inia. Kipa wetu huupangua kwa teke, na kwa muda kila mtu husahau kwamba ametoka kufungwa. Jezi hufuliwa na mchezaji mmoja kwa zamu. Zamu ya mvivu utaijua kwa macho.

Msimu niliouona kwa karibu zaidi ulianza kwa sare, nasi tukaiita dalili njema. Kisha tukachapwa, tukachapwa tena, tukasafiri ugenini tukachapwa kwa penalti ambayo mpaka leo fundi wa pikipiki huieleza kwa kuchora ardhini. Kipigo cha mabao matano ndicho ninachokikumbuka vizuri. Ilikuwa dakika za lala salama, wapinzani wamekwisha kuanza kupiga picha kando ya uwanja. Tukapata kona. Beki wetu wa kati, kijana mrefu wa somo la umeme, akaruka akapiga kichwa kilichogonga bega la mtu kisha mwamba kisha kikatinga wavuni. Matano kwa moja. Mama wa mahamri alitupa leso juu. Tulicheza kando ya uwanja kana kwamba ni fainali, na mashabiki wa upande wa pili wakatucheka kwa haki kabisa. Mzee hakucheza. Alikuwa akimweleza kijana aliye karibu naye jinsi beki alivyoanza kukimbia mapema kabla ya kona kupigwa.

“Umeona? Wiki iliyopita alikuwa akisubiri mpira umfuate. Leo ameufuata yeye.”

Nilitambua kwamba mzee anaitazama mechi nyingine kabisa. Sisi tulikuwa tukihesabu mabao. Yeye alikuwa akimwangalia mtoto wa watu akijifunza kitu. Katika hesabu yake kipigo cha matano kilikuwa na faida.

Sidai kwamba hili ni letu peke yetu. Marekani, ambako vyuo vikuu vina viwanja vya kubeba watu wengi kuliko uwanja wetu wa Kasarani, wanacheza mpira wao wa mikono, ule wenye umbo la yai, na huko ndiko ushabiki wa timu ya chuo ulikogeuka kuwa dini ya Jumamosi. Hata dini ina wafiwa wake. Chuo Kikuu cha Columbia cha New York, chenye wasomi wa kila aina, kilipoteza mechi 44 mfululizo kati ya 1983 na 1988. Kilipoifunga Princeton 16 kwa 13 mwezi Oktoba 1988, kulikuwa na mwanafunzi aliyeingia chuoni, akasoma, akahitimu na kuvishwa joho bila kuona timu yake ikishinda hata mechi moja. Mtu huyo alikuwa shabiki wa nini hasa? Si wa ushindi, maana hakuwahi kukutana nao.

Northwestern, karibu na Chicago, walipoteza mechi 34 kati ya 1979 na 1982. Mwaka 1981, siku walipovunja rekodi ya wakati huo ya kushindwa mfululizo, wanafunzi waliingia uwanjani wakiimba kwamba wao ndio wabovu kuliko wote, wakang'oa nguzo za goli. Hiyo haikuwa aibu. Vijana wale walikuwa wameamua kwamba kama historia inaandikwa, heri iandikwe nao wakiwa ndani. Msimu wa 1995 chuo hichohicho kilitwaa ubingwa wa ukanda wake na kucheza Rose Bowl siku ya Mwaka Mpya wa 1996. Walioimba kwa kejeli mwaka 1981 walikuwa watu wazima wenye watoto.

Habari inayonigusa zaidi ni ya Prairie View, chuo cha Wamarekani Weusi kilichoko Texas. Miaka ya 1950 na 1960 timu yao ilikuwa moto wa kuotea mbali, bingwa wa vyuo vya Weusi mara kadhaa. Kisha fedha za michezo zikaharibika, timu ikasimamishwa kwa msimu mzima wa 1990, na iliporudi haikuwa na ufadhili wa masomo wa kuwavutia wachezaji. Ikapoteza mechi 80 mfululizo, kuanzia 1989 hadi Septemba 1998, ilipoifunga Langston 14 kwa 12. Themanini! Katika miaka hiyo watu waliendelea kwenda uwanjani, wengi kwa ajili ya bendi ya chuo, kwa ajili ya kukutana na waliosoma nao, kwa ajili ya kula pamoja. Wachezaji walibadilika mara mbili au tatu. Kilichobaki kilikuwa watu wa jukwaani.

Prairie View yanifundisha jambo ambalo kelele za ushindi huficha. Timu iliyoshuka haikushuka kwa sababu vijana wake walizaliwa bila vipaji. Ilishuka kwa sababu mtu fulani ofisini alitumia vibaya fedha, na kijana aliyefika miaka mitano baadaye ndiye aliyelipa deni kwa mwili wake, Jumamosi baada ya Jumamosi. Nasi huku tuna madeni yetu. Februari 2022 FIFA iliisimamisha Kenya baada ya serikali kuingilia shirikisho, na kifungo hicho kikadumu hadi Novemba. Mwaka 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa, iliyokuwa ikifadhili ligi kuu na klabu kubwa, ilinyimwa leseni, ikafuta ufadhili wake, na wachezaji wa klabu mashuhuri wakakaa bila mishahara. Migomo ya wahadhiri ya 2024 na 2025 iliwaacha wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma bila masomo, na mwanafunzi aliyerudi kwao hawezi kufika mazoezini. Ukiiona timu ya chuo ikikimbia kana kwamba wachezaji wamekutana asubuhi hiyo, usicheke kabla ya kuuliza. Huenda kweli wamekutana asubuhi hiyo.

Nasema haya kwa sababu kuna hatari ya kuupamba ushinde. Sisi waandishi tunaupenda unyonge wa watu wengine, unatupatia sentensi nzuri. Mchezaji hapendi kufungwa. Nimemwona kipa wetu amekaa nyuma ya goli baada ya mechi, glovu za kuazima zipo mapajani, hataki kuongea na mtu, na hakuna shairi lolote ndani yake. Anataka glovu zake mwenyewe. Anataka mlinzi wa kati asiyeitwa kwenye mtihani wa marudio siku ya mechi. Shabiki anayesema kufungwa hakujalishi hamtendei haki kijana huyo.

Kwa hiyo uaminifu wetu una maana gani, kama hatupendi kushindwa na hatuoni dalili ya kushinda? Watu wa Marungu na Kasigau hupanda mahindi na pojo kila msimu, wakijua kwamba vuli imewatoroka mara nyingi na masika haina ahadi. Mgeni huona ni ukaidi. Mkulima anajua hesabu rahisi: mvua ikikukuta hujapanda, haikusaidii kitu. Kwenda uwanjani ni hivyohivyo. Ushindi ukija siku usiyokuwepo, utausikia kama habari ya redio.

Na ushindi huja, ingawa hauna adabu ya kuja kwa wakati. Gor Mahia, pamoja na ukubwa wao, walikaa kati ya 1995 na 2013 bila ubingwa wa ligi, na mtoto aliyezaliwa katikati ya ukame ule alikua akiimba nyimbo za ushindi alizorithi kwa baba. Shabana ya Kisii ilishuka daraja, ikazunguka huko chini miaka 17, na iliporudi ligi kuu mwaka 2023 ilikuta watu wake hawajahama. Waliujaza uwanja wa Gusii kana kwamba mechi ya mwisho ilikuwa wiki iliyopita. Sisi wa Pwani tunangoja zaidi ya wote. Feisal ya Mombasa ilitwaa ligi mwaka 1965, na mpaka msimu wa 2024/25 hakuna klabu ya Pwani iliyorudia. Bandari walimaliza wa pili msimu wa 2018/19 na kubeba ngao mwaka huohuo wa 2019, tukala nyama siku mbili, kisha tukarudi kungoja.

Klabu hizo zote zina jambo ambalo timu ya chuo haina: mashabiki wengi wanaolindiana kumbukumbu. Baba wa Kisii akisahau, mjomba atamkumbusha. Timu ya chuo ina mashabiki wa miaka minne. Mwanafunzi hushangilia kwa nguvu zote mpaka siku ya kuvaa joho, kisha maisha humchukua, naye akasema ile ilikuwa timu yetu ya wakati ule, kana kwamba ilikufa alipoondoka. Hata Mean Machine, timu ya raga ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyotwaa Kombe la Kenya mwaka wake wa kwanza, 1977, imepitia misimu ya kushuka na kupanda huku waliowahi kuivalia jezi wakiwa mawakili na madaktari katika miji mingine. Ndiyo maana mzee wetu wa reli ni mtu wa thamani kuliko anavyoonekana. Yeye hahitimu. Anamjua kipa wa kabla ya huyu na wa kabla yake. Anaweza kumwambia kijana wa mwaka wa kwanza, “Namba hiyo uliyovaa iliwahi kuvaliwa na mtu aliyekuwa akipiga krosi kwa mguu mbaya kuliko wako, na mwisho alijifunza.” Kijana husimama wima zaidi. Amegundua kwamba ana wazee.

Linganisha na ukumbi wetu wa kutazama mpira, ule wa mabati ulio nyuma ya kituo cha mafuta. Jumamosi jioni hujaa. Wa Arsenal wanakaa upande mmoja na kumbukumbu yao ya 2004, msimu ambao hawakufungwa hata mechi moja ya ligi. Wa Manchester United wanakaa upande wa pili, na walipomaliza nafasi ya 15 msimu wa 2024/25 kejeli walizozipata zingeweza kuendesha jenereta. Nao wameteseka, sikatai, na mapenzi yao ni ya kweli. Lakini mchezaji wa Old Trafford hatajua kamwe kama mtu wa Miasenyi alikuwepo au hakuwepo. Beki wetu wa somo la umeme anajua. Ukikosa mechi mbili atakuuliza, “Mwalimu, ulikuwa mgonjwa?”

Tena nusu ya walio ukumbini wana simu mkononi na mkeka wa kamari kwenye simu. Mtu aliyeweka dau hana timu, ana matokeo. Dakika ya 80 utamsikia akiwaombea mabaya wale aliokuwa akiwashangilia nusu saa iliyopita, kwa sababu bao moja zaidi litamchania mkeka. Timu yetu ya chuo haimo kwenye kampuni yoyote ya kamari, na hiyo ni baraka iliyojificha. Hakuna anayeweza kunufaika na kufungwa kwetu. Anayekuja, amekuja.

Agosti 2025 tulipata sote ladha ya ushabiki mkubwa. Timu ya taifa, Harambee Stars, wenyeji wa mashindano ya CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, waliwafunga DR Congo na Morocco na Zambia, na Miasenyi nzima ikavaa rangi za bendera. Kisha Madagascar wakatutoa robo fainali kwa penalti. Siku iliyofuata jezi zilianikwa, na wiki mbili baadaye hukuweza kumpata mtu wa kuzungumza naye juu ya mechi ile. Jumatano ya kwanza baada ya hapo timu ya chuo ilikuwa na mchezo wa kirafiki. Mzee alikuwa kituoni akisubiri matatu, kofia kichwani, redio ndogo mfukoni. Hakuwa na huzuni ya pekee. Alikuwa na mechi.

Nimefikia kuamini kwamba timu inayoshinda ni ya kila mtu, na kwa hiyo si ya mtu. Umati huihamia na umati huihama. Timu inayofungwa huchuja watu wake mpaka wabaki wale ambao hawakuja kuchukua kitu. Wakishabaki hao, linazuka jambo ambalo ubingwa hauwezi kulinunua: mchezaji anajua majina ya mashabiki. Ndani ya uwanja ule wa vumbi, sisi wachache na wale kumi na mmoja tumejuana hivi kwamba mtu akihitimu tunamchangia nauli, na akipata kazi hutupigia simu kuuliza tumefungwa ngapi.

Anauliza tumefungwa ngapi. Haulizi kama tumefungwa. Huyo ameondoka lakini hajahama.

Nchi hii ina vyuo vingi kuliko ilivyokuwa navyo wakati wowote. Hapa kaunti kwetu peke yake kuna chuo kikuu na vyuo vya ufundi, na karibu kila kimoja kina kijana anayechora mistari kwa majivu asubuhi ya mechi. Vyuo vyenyewe vina wajibu ambao shabiki hawezi kuvibebea: nauli ya timu, mipira, glovu za kipa, ratiba ya mitihani isiyogongana na ratiba ya mechi. Wakuu wa vyuo waulizwe hayo, na waulizwe na watu waliofika uwanjani wakayaona, maana malalamiko ya mtu asiyekuja hayana uzito.

Kwa hiyo, msomaji, huhitaji kuwa umesoma chuo hicho, wala mwanao kuwa mchezaji. Ulizia siku timu ya chuo kilicho karibu nawe inapocheza, uende. Kiingilio mara nyingi ni bure. Ukifika, jifunze majina ya wachezaji, na wakifungwa usiondoke kabla ya kipenga cha mwisho. Msimu ujao nusu yao watakuwa wamekwenda zao. Wewe rudi.